Tembo wa Gregori, Tembo la Serikali

Gregori alipofika kwenye kizuizi cha Barabara ya Kilwa, alasiri moja ya mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, alifanya kama alivyofanya siku zote. Alipunguza gia, akasimamisha lori, akazima injini, akatoa leseni mfukoni kabla hajaulizwa. Lori lilikuwa la Shirika la Chumvi na Viberiti. Leseni ilikuwa yake mwenyewe. Mkewe Adelina alikuwa akisema kwamba nyumba ikiungua, Gregori ataokoa kwanza leseni, kisha binti yao Sesilia, halafu ndipo atauliza mama Sesilia yuko wapi.

Hakuwa akimsingizia sana. Leseni ile Gregori aliipata uhuru ungali mpya, akapigwa picha yake na tai ya kuazima, na tangu siku hiyo haikuwahi kugongwa muhuri wowote mbaya. Pombe hakunywa. Dini haikuhusika, Wakristo wenzake wa kusini walikunywa uraka msimu mzima wa mabibo na Jumapili wakaimba vizuri tu. Tumbo lake ndilo lililokataa. Hata togwa iliyolala ilimpeleka nyuma ya nyumba mbio.

Kitini, upande wa utingo, kulikuwa na gunia lililofungwa kamba. Ndani yake alikuwamo tembo wa mpingo, mkonga juu, masikio yametandazwa, kazi ya kaka yake Kasiani aliyekuwa akichonga vinyago nyuma ya nyumba yao Mbagala. Gregori alikuwa akimpeleka mjini kwenye duka la vinyago, kwa kuwa njia ilikuwa ileile na Kasiani hakuwa na gari.

Aliyekuwa zamu kizuizini ni Sajini Sadallah, mtu wa pwani tangu babu wa babu yake. Kwao, mnyama mkubwa mwenye mkonga anaitwa ndovu. Tembo ni kinywaji, linagemwa mnazini, na mtu huwa nalo tumboni, si kitini. Kwao Gregori, Masasi, tembo ni mnyama anayekula mihogo ya watu, na kinywaji ni uraka. Tofauti hii haikuwa imemsumbua mtu tangu nchi ijitawale. Isitoshe, siku hiyo sajini alikuwa na mafua.

"Una tembo?" aliuliza, kama alivyokuwa akimuuliza kila dereva.

"Ninaye, afande."

Sajini akainua uso. Katika miaka yake yote ya kizuizini hakuna dereva aliyewahi kumjibu hivyo. Ile "ninaye" aliisamehe. Watu wa bara na ngeli zao.

"Umelipata wapi?"

Gregori alifurahi. Alidhani sajini ameliona gunia lilivyovimba, ndiyo maana anamkuza mnyama, kama mtu anavyosema jitu au joka. Naye kwa adabu akamfuata.

"Kwa kaka yangu Kasiani, afande. Analitengeneza mwenyewe, palepale nyumbani."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku nyingine linaharibika, unajua tena. Lakini la leo limetoka safi."

"Na unaendesha nalo hivihivi?"

"Nikiliacha si litaibiwa?"

Sajini alimtazama kwa heshima fulani. "Limekufika wapi?"

"Hapa," alisema Gregori, akagusa kifua, maana tembo akikaa kitini, kimo chake kiliishia hapo.

Mtu akikiri mwenyewe, ya nini kumnusa? Na pua yenyewe siku hiyo haikuwa kazini. Sajini aliandika kwamba dereva amekiri kuwa na tembo na kwamba limemfika kifuani. Akachukua leseni. Akachukua na gunia bila kulifungua, akaliandika kuwa kidhibiti: tembo, gunia moja.

Kituoni, Gregori aliposomewa kwamba ameendesha gari huku amelewa, ndipo alipoelewa, akaeleza yote tangu gogo la mpingo. Sajini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema ndovu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsikitikia mwenzake aliyepanda gari la njia nyingine. "Sasa nimeshaandika."

"Si ufute, afande?"

"Maandishi ya serikali hayafutwi, ndugu dereva."

Asubuhi yake Koplo Mwajabu, mtunza vidhibiti, alifungua chumba chake akakuta sakafu imelowa. Akalifungua gunia. Tembo wa mpingo alikuwa amesimama, mweusi, mkonga juu, na kwenye ncha ya mkonga lilikuwa likitoka tembo la mnazi, jeupe, lina povu, matone kwanza kisha mchirizi. Mwajabu hakuwahi kuonja kileo maishani, na sakafu ile alikuwa ameipaka nta juzi yake. Alisema, "Haya tena," akaenda kuleta karai.

Sadallah aliitwa. Mafua yalikuwa yamemwachia. Alionja kwa kidole, kikazi.

"La asubuhi hili," alisema. "Halijachacha." Akajaza kikombe kwa ajili ya uchunguzi zaidi.

Kasiani naye alikuja kuiona kazi yake. Aliizunguka, akainama, akapapasa miguu, akalalamikia jambo moja tu: mpingo haukai majini, mguu utapasuka. Akaomba mnyama apakwe mafuta ya nazi kila wiki. Alipoulizwa kama tembo wake wengine nao hutoa, alijibu hapana, pengine kwa kuwa hawajaandikwa na polisi. Alisema kweli. Majuma yale watu walimwendea na ndoo, wakarudi nazo kavu.

Siku ya kesi Gregori alivaa tai, safari hii ya kwake. Hakimu alikuwa mtu wa makamo aliyependa Kiswahili sanifu kuliko alivyopenda kesi. Sajini aliposoma maelezo yake, hakimu alimkatiza palepale mwanzoni.

"Alisema ninaye?"

"Alisema, ndugu hakimu. Nikadhani ni bara tu inamsumbua."

"Mshtakiwa, ulisema ninaye?"

"Shikamoo, ndugu hakimu. Ndiyo, nilisema. Mie nilikuwa nasema mnyama. Wa mbao."

Hakimu alivua miwani. Akaeleza kwamba neno tembo lina nyumba mbili. Akiwa ni yeye, ana mkonga, na likiwa ni lile, lina povu. Na kwamba askari asiyesikiliza kiambishi anaweza kuifunga mbuga nzima ya wanyama. Alieleza kwa raha, akatoa mifano, mingine ya kuchekesha. Karani alicheka. Kwa nusu ya asubuhi ile Gregori alikuwa mtu huru, na Adelina, benchi la nyuma, alishaanza kujitengeneza kanga kwa safari ya nyumbani.

"Basi kiletwe kidhibiti, tumalize," alisema hakimu.

Koplo Mwajabu aliingia na tembo, akamweka mezani, akaweka karai chini ya mkonga. Mahakama ikasikiliza matone. Hakimu aliomba glasi.

"Ni tembo," alisema alipokwisha kunywa.

"La mnazi, ndugu hakimu?" aliuliza karani, aliyekuwa akiandika.

"La mnazi."

"Au wa mpingo?"

"Na wa mpingo." Hakimu alijifuta midomo, akavaa miwani. "Mshtakiwa amesema kweli kwa ngeli zote mbili. Mahakama haina budi kumwamini."

"Lakini mie sinywi, ndugu hakimu! Tumbo langu lenyewe..."

"Tumbo lako hakuna aliyelishtaki. Ni wewe uliyesema limekufika kifuani."

Leseni ikafungiwa mwaka mzima. Kwenye ukurasa unaotazamana na picha ya Gregori kijana ikagongwa muhuri mwekundu, na hakimu akamweleza kwa upole maana yake: kosa hilo likirudi, leseni haifungiwi tena, inafutwa, na hataipata nyingine hata aishi miaka ya mtume gani. Kidhibiti kikaamriwa kukaa kituoni mpaka adhabu iishe.

Nje, Adelina alikaza kanga yake.

"Baba Sesilia. Mtu anaulizwa na polisi, una tembo, anajibu ninaye?"

"Si nilikuwa naye, mama Sesilia."

"Kuna wanaume wana wake wanne, wakiulizwa wanasema sina."

Gregori hakucheka. Ilimuuma, na iliendelea kumuuma kila alipogusa mfuko wa shati akaukuta mwepesi.

Shirika halikumfukuza, kwa kuwa lilikuwa shirika la wananchi na yeye alikuwa mmoja wao. Lilimfanya utingo wa lori lake mwenyewe. Usukani akapewa Romani, kijana mwenye leseni safi isiyo na alama hata ya kidole, maana hakuna swali aliloulizwa barabarani akalijibu kwa ukweli. Gregori akawa anapakia chumvi, anaweka mawe nyuma ya magurudumu, anakaa kushoto. Romani aliingiza gia kama mtu anayetafuta funguo kwenye debe la misumari, na kila gia ilimpita Gregori mbavuni.

Romani alikuwa anakunywa. Jambo hilo lilijulikana, na lilimrahisishia kupata marafiki. Kila alasiri alisimamisha lori nje ya kituo cha polisi akaingia kujiunga na foleni. Foleni ilikuwa ya kistaarabu kuliko ile ya sukari. Waliotangulia ni wenye vyeo, kisha wenye vikombe, kisha wenye makopo. Ndugu hakimu alikuwa akija na chupa ya chai, karani wake na kibuyu. Hakuna aliyeuza wala kununua. Kidhibiti kilikuwa mali ya umma, na umma ulikuwa ukijihudumia. Koplo Mwajabu alisimama mlangoni na dekio lake, akihesabu nyayo zenye matope.

Walipotosheka, kila mmoja aliingia kwenye gari lake akaendesha kwenda kwake. Sajini Sadallah alipanda pikipiki akaenda kizuizini. Pale aliwasimamisha wote, mmoja mmoja, akawauliza kama wana tembo. Wote walisema hawana. Wengine povu lilikuwa bado juu ya mdomo, lakini swali halikuhusu mdomo.

Gregori alikuwa akiwaona kutoka kwenye lori. Siku za mwanzo alikasirika, akataka kwenda kushtaki, akakumbuka kwamba wa kumshtakia yumo foleni, wa tatu kutoka mbele. Basi akakaa.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo mguu wake wa kulia ulipoanza kufanya kazi peke yake. Romani akichelewa kushika breki, Gregori alijikuta akikanyaga ubao mtupu mbele yake, upande wa utingo usio na kanyagio lolote. Mara ya kwanza, karibu na Mtoni, alipokanyaga ubao lori lilisimama. Mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani akamaliza kuvuka, akaendelea na safari yake.

"Asante," alisema Romani.

"Si neno," alisema Gregori.

Hawakulizungumza zaidi. Baada ya mwezi ubao ulikuwa umelika mahali pa kisigino.

Mwaka ulikwisha. Wiki ya mwisho Adelina alimfanyisha mazoezi. Alikuwa akipepeta mchele, ghafla anageuka: "Una tembo?"

"Sina."

"Haraka zaidi."

"Sina!"

"Baba masikio yanamcheza akisema hivyo," alisema Sesilia.

"Yacheze tu, leseni ibaki. Baba Sesilia, safari hii wakikuuliza, sema huna. Tafadhali. Ikienda safari hii haitarudi, na mie sitaki kukuona kwenye kiti kile mpaka uzeeke."

Gregori alimwahidi. Kwa kweli alimaanisha.

Siku ya kuchukua leseni alikwenda na lori, Romani akiwa usukani kwa mara ya mwisho. Koplo Mwajabu alimkabidhi leseni yake, akamsukumia na tembo juu ya kaunta.

"Mie nimekuja kuchukua leseni tu, dada koplo."

"Vimeingia pamoja, vinatoka pamoja. Ndiyo taratibu."

"Si abaki? Wenyewe wamemzoea."

"Kaka Gregori," alisema Mwajabu kwa sauti ya chini, "mwaka mzima nimedeki. Mchukue mnyama wako, nipate sakafu yangu."

Gunia lilikuwa limeshaoza. Gregori alimbeba tembo wazi mkononi, akamweka katikati ya kiti. Kisha akazunguka akapanda upande wa kulia. Alikaa kidogo bila kuwasha. Usukani ulikuwa na ufa uleule mahali pa dole gumba. Alipoingiza gia ya kwanza, ikaingia bila kelele, na Gregori alicheka peke yake kwa sauti, akacheka tena alipoingiza ya pili. Hakuwa na furaha kama ile tangu Sesilia azaliwe. Romani, aliyekuwa sasa kushoto, alimwinamia tembo akaweka mdomo kwenye mkonga, asije akamwaga kitu bure.

Kizuizini, Sajini Sadallah, aliyekuwa amelipita lori kwa pikipiki, alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu. Alikuwa amepitia kituoni kuchukua kikombe chake akakuta karai limeoshwa na kuanikwa juani. Sakafu ilikuwa inang'aa. Hakuwahi kuona chumba kinachotia huzuni kama kile.

Gregori alisimamisha lori, akazima injini, akatoa leseni.

"Una tembo?" aliuliza sajini.

"Sina" ilikuwa tayari ulimini. Gregori aliisikia ikigusa meno. Lakini tembo alikuwa pale, wazi, mkonga juu, anadondosha kwenye goti la Romani, na sajini alikuwa akimtazama yeye, si Gregori. Masikio ya Gregori yakaanza kucheza.

"Mie ninaye, afande," alisema. "Yeye ndiye analo."

Sadallah alilirudia jibu lile polepole, kimoyomoyo, akalikuta halina kosa.

"Hiki sasa ni Kiswahili," alisema. "Basi naomba leseni yake."

"Ya nani?"

"Yake. Yumo ndani ya gari, barabara kuu, limemfika mpaka mkongani."

"Hana leseni, afande. Haendeshi. Anaendeshwa."

"Hilo utalieleza kesho mahakamani. Hakimu ameshauliza mara mbili."

"Ameniulizia mie?"

"Tembo."

Tembo hakuwa na leseni, kwa hiyo ikachukuliwa iliyokuwapo. Gregori aliifungua kwanza, akamtazama yule kijana wa tai ya kuazima. Akaitoa kwa mikono miwili. Macho yalimlowa, akayafuta kwa shati, wala hakuona aibu. Sajini, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama pembeni mpaka alipomaliza.

Kisha akamshusha tembo kwa uangalifu, akamfunga kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, akamvika kofia yake ili jua lisimchachushe.

"Lori haliwezi kulala barabarani," alisema. "Nani mwingine hapa ana leseni?"

Romani alinyoosha mkono. Leseni yake ilikuwa safi, kila ukurasa. Sajini aliipekua kwa kuridhika.

"Una tembo?"

"Sina, afande," alisema Romani, na kwikwi ikamtoka.

"Pita."

Gregori alishuka, akazunguka mbele ya lori, akapanda kushoto. Kiti kilikuwa bado kimelowa. Romani aliondoa lori na gia ya tatu, likatikisika, likaenda. Kwenye mteremko wa kuingia Mbagala, mbuzi wa mtu walikuwa wakivuka bila haraka, na kichwa cha Romani kilikuwa kimeshainama juu ya usukani.

Gregori akakanyaga ubao. Lori likasimama taratibu. Mbuzi wakavuka, na mwenye mbuzi akainua mkono kumshukuru dereva.

"Asante," alisema Romani bila kufumbua macho.

"Weka ya kwanza," alisema Gregori.